Mhariri, mimi sijajiunga na kifurushi cha mtu

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi wewe na wasomaji wote popote mlipo. Naomba nafasi, najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii muionee huruma, nimekaa nayo moyoni muda mrefu.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika humu wiki kadhaa zilizopita kwamba Watanzania sasa tumegawanyika mafungu mawili, kuna maliberali na kuna wahafidhina, na kila mtu ajitambue mapema yuko wapi. Liberali kwake ni yule wa haki za binadamu, nguo za ajabu na kanisani haendi, mhafidhina ni mcha Mungu analinda mila na desturi. Nilisoma nikiwa dukani, nina kasteshenari kangu hapa Makole, natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, nikawa najiuliza sasa mimi nipo wapi hapo. Nikamuuliza mke wangu akasema wewe upo kwenye madeni.

Tukiacha utani, hayo maneno mawili mi nayaona kama vifurushi vya simu. Wewe shida yako dakika za kupiga, unaambiwa lazima uchukue na meseji elfu ambazo hutumii na GB za usiku wa manane saa ambazo umelala fofofo. Kule Marekani ndo siasa zao zilivyo, mtu akisema yeye konsavativu basi amepewa kifurushi kizima, anapenda kanisa, anapinga utoaji mimba, afu humohumo kuna bunduki, kodi ndogo, na serikali isimguse kwenye mambo ya matibabu. Liberali naye ana chake. Mahakama yao ya juu iliruhusu utoaji mimba mwaka 1973, ikaja kugeuza yenyewe mwaka 2022, na katikati hapo karibu miaka 50 watu wamekuwa wakipiga kura za kodi na bima na vita kwa sababu ya jambo hilo moja. Ni mambo yao, wana historia yao, siwacheki.

Ila sasa mchukue mama mkwe wangu wa Mvumi. Ukimtajia utoaji mimba hupati chakula siku hiyo, mlenda unauona tu unapita kwenda kwa wengine. Ukimwambia serikali isitoe elimu bure, au kwamba bima ya afya kwa wote ni hatari kwa uhuru wa mtu binafsi atakuuliza umelewa? Yeye anataka serikali ilete maji, ilete dawa, inunue na alizeti kwa bei nzuri ikiwezekana. Na hospitali anayotibiwa hapo Mvumi ni ya Kanisa Anglikana, na kati ya wanaomhudumia wapo wanaolipwa na serikali, yeye wala hajui mpaka wa kanisa na serikali upo kitanda cha ngapi. Tangu 1992 serikali na makanisa wana hati yao ya makubaliano kuhusu hizo huduma za afya na elimu, ambayo ndugu zetu Waislamu wameilalamikia miaka yote na mi nikikaa nikifikiri nawaelewa. Sasa huyo bibi ukimpeleka Marekani ajiunge na chama gani? Vyote viwili vitamtoa nje kabla ya saa nne asubuhi.

Na vyama vyetu vyenyewe ndo vituko vitupu. CUF, chama cha upinzani, enzi zake kilivyokuwa moto, hasa Pemba, mahasimu wake walikiita chama cha Waislamu, cha siasa kali. Kumbe kwenye jumuiya za kimataifa CUF kilikuwa mwanachama wa umoja wa vyama vya kiliberali duniani! CHADEMA ambao vijana wengi wa haki za binadamu wamekimbilia huko, wao wamo kwenye umoja wa wahafidhina wenzao Conservative wa Uingereza na Republican wa Marekani. Afu kuna CCM, mrithi wa TANU, chama cha ujamaa, cha Azimio la Arusha 1967, kwa vipimo vya Ulaya hicho ni mrengo wa kushoto, lakini ni vijana wa TANU haohao waliopita mitaani kuanzia Januari 1969 na ile Operesheni Vijana wakikamata mabinti kwa sketi fupi na mawigi na suruali za kubana. Ujamaa na mini hapana. Na hapa hapa kwetu Dodoma mwezi wa sita 2021 mbunge wa Momba alitolewa ukumbini kwa sababu ya suruali, wakati siku hiyo nadhani kulikuwa na mambo ya bajeti ya nchi nzima mezani. Kwa hiyo ndugu yangu msomaji mwenzangu ukiniambia nichague upande, upande upi, wa nani?

Sasa niseme la dini maana ndo limenifanya nishike kalamu.

Katiba yetu ibara ya tatu inasema nchi hii haina dini, na ya 19 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sheria ya vyama vya siasa tangu 1992 haisajili chama cha dini. Halafu Spika akiingia anasoma dua, wimbo wa taifa unaanza na Mungu, na mji wenyewe huu makao makuu ukisimama pale katikati unaona makanisa na ule msikiti mkubwa wa Gaddafi, na alfajiri adhana na kengele vinapokezana na kwa huku mtaani kwetu kuna na kanisa la turubai ambalo spika zake Mungu ndo anajua wamezinunua wapi. Mimi hiyo hainisumbui. Nchi haina dini, wananchi wanazo, tumeishi hivo na tumeelewana. Jumamosi nenda mnada wa Msalato uone, Mwislamu amechinja, Mkristo anachoma, anayekula anaulizia pilipili tu. (Nakumbuka kule Geita mwaka 2013 watu waligombana kwa ajili ya nani achinje mpaka mchungaji akauawa, kwa hiyo nisijisifu sana, hii amani ya kwenye jiko la nyama si ya kuchezea.)

Kinachonisumbua ni hiki hapa. Mwezi wa tatu 2025 kama mnakumbuka Kwaresma na Ramadhani viliangukia pamoja. Akaja dukani kwangu kijana, katumwa na mheshimiwa mmoja aliyekuwa anajiandaa na kura za maoni za chama chake, simtaji na jimbo silitaji. Anataka kadi za mwaliko, mia mbili za harambee ya kumalizia paa la kanisa, mia mbili za futari. Nikamtengenezea ya kwanza, juu imeandikwa Bwana Yesu asifiwe, kati picha ya mheshimiwa anatabasamu, chini ratiba. Nikamuuliza na ya futari tuiwekeje, akasema hiyohiyo bosi, badilisha salamu tu. Nikafuta Bwana Yesu asifiwe nikaandika Assalaam alaikum. Akaangalia akasema na picha, nikasema picha ina nini, akatoa simu akanirushia nyingine, mheshimiwa yuleyule, tabasamu lilelile, safari hii ana barakashia na bado kwa pembeni unaona imekaa juujuu kama mtu aliyeazimwa. Nikaweka. Elfu themanini nikapokea, sikukataa, watoto wana ada za usafiri, kwa hiyo na mimi nimo kwenye hili jambo sijajitoa.

Harambee nilienda maana ni kanisa la jirani na kwaya yao naipenda. Mama mmoja pale mbele yangu alikuwa na elfu mbili ameikunja kwenye leso, ile ya kufungua fundo kwa meno, akatoa akapeleka kwenye kapu akarudi kukaa, hakuna aliyegeuka. Akaitwa mheshimiwa. Milioni tano, keshi, kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ikapandishwa juu tuione. Vigelegele, kinanda kikapigwa, mchungaji akampa maiki akisema huyu ni mwana wa nyumbani. Mwana wa nyumbani akaongea dakika arobaini. Aliongea barabara, aliongea visima, aliongea habari za ushoga na maliberali wa Magharibi wanaotaka kutuharibia watoto, hapo ndo makofi yalikuwa mengi kuliko ya visima. Mimi nikawa najisemea huyu mtu mbona hatuambii barabara iliyoishia njiani imeishia njiani kwa nini. Ndo nikaelewa hilo neno liberali hapa kwetu lina kazi gani, ni shati jekundu la kumwonyesha fahali ili asikuone wewe.

Takrima, yale mapochopocho ya wagombea kwa wapiga kura, mahakama iliifuta mwaka 2006, tulishangilia. Imehamia kwenye nyumba za ibada, siku hizi inaitwa sadaka.

Na kinachouma zaidi ni kwamba waheshimiwa haohao maaskofu wakisema jambo lisilowapendeza wanakumbuka ghafla kwamba dini na siasa visichanganywe. Agosti 2023 maaskofu Katoliki walitoa tamko lao kuhusu mkataba wa bandari, tuliona walivyoambiwa warudi madhabahuni. Askofu Gwajima alivyokuwa mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM kuanzia 2020 hakuna aliyeuliza uaskofu na ubunge vinakaaje mfuko mmoja, alipoanza kusema habari za watu kutekwa ndo mwezi wa sita 2025 usajili wa kanisa lake ukafutwa. Mi si muumini wake wala si shabiki, kuna mambo mengi ya yule baba nilikuwa siyaelewi kabisa, ila kanuni iwe moja. Kama mimbari ni ya Mungu basi na mheshimiwa asipewe maiki. Kama mheshimiwa anapewa maiki basi na askofu akiongelea bandari mnyamaze msikilize.

Msomaji mwenzangu alisema dini ndo ngao ya mila zetu. Hapa sasa nataka nimsimulie kitu.

Dada yangu ameolewa Kondoa, kaolewa na Mrangi, Mwislamu, na yeye alisilimu, kwetu ilikuwa kelele mwaka mmoja afu ikaisha, sasa hivi Idd tunaenda kwao Krismasi wanakuja kwetu. Ana binti, mpwa wangu. Mwaka juzi alimaliza la saba akiwa na miaka 15, alichelewa kuanza shule. Matokeo hayajatoka akaja mtu na posa. Mtu mzima, ana Fuso yake ya kubeba mahindi. Na ujanja wa hapo ni huu, sheria ya elimu ilirekebishwa 2016, ukioa mwanafunzi ni miaka thelathini jela, lakini mtoto aliyemaliza la saba na matokeo bado, huyo ni mwanafunzi au si mwanafunzi? Wanajua sana hao watu.

Dada akanipigia simu usiku analia kwa sauti ya chini. Kesho yake nikafunga duka, nikaprinti karatasi zangu, nikapanda basi. Nilikuwa najiamini kwelikweli, nina habari za hukumu ya kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu 2016 ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi vinakwenda kinyume na Katiba, serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe. Ule mwaka ukapita, ukaja mwingine, na mwingine.

Tukakaa kwenye mkeka, chai ya tangawizi, wazee wanne, shemeji yangu amejiinamia haongei. Aliyekuwa anaipigia debe hiyo ndoa ni kaka mkubwa wa shemeji, mstaafu, kakaa Dar miaka thelathini, bia anakunywa, msikitini haonekani hata Ijumaa, na mwenyewe anajisifu kwamba yeye mtu wa kisasa. Kwa vipimo vya msomaji mwenzangu huyo ndo liberali kamili. Anasema mtoto wa kike shule ni kupoteza hela, Fuso ni Fuso. Nikatoa karatasi zangu. Kiongozi mmoja wa pale kijijini akazipokea akazisoma taratibu akanirudishia, akasema mjomba, mahakama imesema sawa, ila kitabu cha sheria nilichonacho ofisini bado kinasema kumi na tano, na baba akiridhia mi nitawazuiaje? Nikaishiwa. Nilibaki nimeshika karatasi kama mtu aliyekosea basi.

Basi akaongea shehe. Mzee wa madrasa, kanzu imechakaa kwenye kola, muda wote alikuwa kimya anachezea bakora yake. Akasema jambo kuruhusiwa si kwamba limeamrishwa. Akasema huyu mtoto juzi hapa alikuwa analia uani kwangu ameibiwa kandambili, mimi ndo nilimtafutia nyingine, leo mnaniambia nikamfungishe ndoa awe mama wa nyumba, mimi sifungishi, tafuteni mwingine. Akanyanyuka akavaa viatu.

Ikaishia hapo, matokeo yakatoka, mtoto kachaguliwa form one.

Sasa nani mhafidhina hapo na nani liberali? Mcha Mungu mwenye kanzu ndo alimwokoa binti, mtu wa kisasa ndo alikuwa anamuuza. Lakini Mhariri usiku ule sikulala, nilikuwa nawaza kijiji cha pili yake. Huko kuna shehe gani? Kuna mchungaji gani? Maana na kwetu Wakristo yapo, kanisani kwangu mimi binti akipata mimba anatengwa, hashiriki meza ya Bwana, na kijana aliyempa hiyo mimba Jumapili yuko kwenye kwaya anaimba besi. Na Rais Magufuli aliposema 2017 kwamba aliyezaa harudi shule, pale kanisani tulisema amina kwa sauti, serikali iliporuhusu warudi Novemba 2021 tukasema pia Mungu ni mwema. Sisi hatukubadilika, tulikuwa tunaitikia tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ndo huu na kila mtu auite anavyotaka. Nyumbani kwangu mimi ni mhafidhina wa kutupwa, watoto wanasali kabla ya kula, binti yangu akitaka kutoka saa mbili usiku atanieleza anaenda wapi na nani, na huyo nani namtaka namba yake. Hilo ni langu na la mke wangu, sitaki mbunge anisaidie. Lakini mtoto wa miaka 15 asitegemee bahati ya kuwa na shehe mwenye huruma. Hapo nataka sheria, iwe ya wote, wa msikitini, wa kanisani, na wa kule kwetu Ugogoni wanaotambika kwenye mbuyu. Wakubwa wa dini wanasema tusiguse hiyo sheria bila kuwashirikisha, sawa, wamekuwa wakishirikishwa mpaka viti vya mikutano vimechakaa. Hiyo Sheria ya Ndoa ilipotungwa 1971 na yenyewe ilileta zogo kubwa, watu walisema itavunja dini, mle ndani iliandikwa kwamba mume hana haki ya kumpiga mke, mwaka 1971 hiyo! Dini hazikuvunjika. Wazee wetu walithubutu sisi tunaogopa nini.

Na vijana wetu mnaojiita maliberali, wale wa vikao vya hotelini vyenye chai na sambusa, na nyie nina neno. Acheni kumwona kila anayesali ni mshamba. Mnakuja Chamwino na magari meupe, mnagawa fulana, mnawaambia wazee mila zenu mbaya, jioni mmerudi mjini. Ukeketaji hapa Dodoma sheria imekataza kwa watoto tangu 1998 na bado takwimu za 2015-16 zilikuta karibu nusu ya wanawake wa mkoa huu wamefanyiwa, maana yake fulana peke yake haikutosha. Kwa nilivyoona mimi kijiji cha wajomba zangu, ngariba aliacha kisu baada ya kubatizwa. Msemeni mnavyotaka, ila alibatizwa, na kile kisu mchungaji alikifukia mbele yetu nyuma ya kanisa, mbwa wakabaki wanapachimbua wiki nzima.

Nimesema sana, naona mteja amesimama ana vyeti vya kutolea kopi.

Waheshimiwa wabunge, wengi mnapita barabara hii ya Makole kwenda na kurudi Bungeni. Ni vifungu viwili tu, cha 13 na cha 17, havijai hata karatasi moja. Ofisi ikiwa haina kitabu simamisheni gari pale kwangu, pana mwembe mbele na kibao cha bluu, kopi nitawatolea bure, na kadi ya mwaliko simtengenezei mtu.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi kopi,
Makole, Dodoma